Kupanga ofisi kwa mamlaka yaliyokasimiwa: mwongozo kwa taasisi za serikali kuu ya Marekani

Katika serikali kuu ya Marekani, mkurugenzi wa taasisi anayehitaji ofisi hawezi kwenda kwa mwenye jengo, akapatana naye kodi na kutia saini kwa sababu tu fungu lake la bajeti lina fedha za pango. Mamlaka ya kupanga majengo kwa niaba ya serikali yako mikononi mwa Wakala wa Huduma za Jumla, unaofahamika kwa kifupi GSA. Wakala huo ulianza kazi tarehe 1 Julai 1949, siku moja baada ya Rais Harry Truman kutia saini sheria iliyokusudia kukomesha hali ya kila idara kununua, kuhifadhi na kupanga mali kivyake. Mwaka uliofuata, mpango namba 18 wa kuupanga upya muundo wa serikali ulihamishia GSA kazi za upangaji wa majengo zilizokuwa zimetawanyika katika idara nyingine. Hata hivyo sheria inamruhusu Msimamizi Mkuu wa GSA kukasimu sehemu ya mamlaka yake kwa wakuu wa taasisi nyingine, nao wakuu hao wakayashusha kwa maofisa wao. Ndiyo njia ambayo taasisi hupata ruhusa ya kujipangia ofisi yenyewe, na ndiyo ninayoieleza hapa.

Nimeandika nikiwafikiria kwanza Waswahili wanaofanya kazi katika ofisi za serikali kuu huko Marekani na kukabidhiwa jukumu la kutafuta nafasi ya ofisi, kisha wenye majengo wanaotaka kuelewa kwa nini mpangaji huyu wa serikali ana masharti mengi kiasi hicho. Maofisa miliki wa kwetu, hasa wanaofahamu kazi ya Wakala wa Majengo Tanzania, nao watakuta humu maswali wanayoyajua vizuri: nani apange, nani alipe, na nani aulizwe mambo yakiharibika. Jambo moja ningependa lishikwe tangu mwanzo. Taasisi iliyokasimiwa mamlaka inafungwa na sheria zote zilizokuwa zikiifunga GSA, na juu ya hizo inabeba masharti ya ukasimu wenyewe. Anayedhani kwamba ukasimu ni njia ya mkato ya kuukwepa urasimu atajikuta na urasimu uleule, safari hii bila watu wa GSA wa kumsaidia kuubeba.

Hatua ya kwanza: tambua mamlaka yako yanatoka wapi

Ukasimu uko wa aina tatu, na kila aina ina mipaka yake. Aina ya kwanza ni ukasimu wa jumla, unaohusu ofisi za kawaida. Mlango huu ulifunguliwa kwa upana Septemba 1996, wakati GSA ilipoamua kuziachia taasisi uhuru wa kuchagua kama zitapanga kupitia kwake au zitajipangia. Baada ya miaka kadhaa ilionekana kwamba baadhi ya taasisi zilikuwa zikivuka mipaka na kumbukumbu zao hazikuwa kamili, kwa hiyo masharti yakakazwa mwaka 2007, na yakatolewa upya mwaka 2014. Chini ya masharti hayo taasisi huomba ruhusa kwa kila pango, wala haipewi ruhusa moja ya kudumu.

Aina ya pili inafuata kundi la mali yenyewe, bila kujali ni taasisi gani inayoihitaji. Humo mna minara na antena, gati za boti, gereji, nyumba za kuoteshea mimea, mahanga ya ndege, hospitali, nyumba za kuishi, na nafasi za muda mfupi zisizozidi siku 180, kama vile kumbi za mikutano. Ukipanga ukumbi wa semina kwa wiki mbili, hii ndiyo aina inayokuhusu.

Aina ya tatu imepewa taasisi maalumu kwa kazi maalumu, na orodha yake inaonyesha vizuri busara ya utaratibu mzima. Wizara ya Kilimo, kwa mfano, inaweza kujipangia maabara za kupanga madaraja ya pamba, na ofisi zinazolazimika kuwa ndani au karibu na minada ya mifugo. Ni jambo la akili, kwa maana mkaguzi wa ng'ombe hana kazi ya kufanya katika ghorofa la katikati ya mji, na wakala wa makao makuu hana ujuzi wa kuchagua banda lililo karibu na zizi.

Zaidi ya hizo tatu, ziko taasisi ambazo Bunge la Marekani limezipa mamlaka yake ya kupanga moja kwa moja kwa sheria. Huo si ukasimu, na usichanganye mambo haya mawili katika jalada lako. Kabla ya kuandika barua yoyote, weka juu kabisa ya jalada nakala ya waraka au kifungu cha sheria unachokitegemea, kikiwa katika toleo linalotumika leo. Afisa asiyeweza kuonyesha karatasi hiyo hana mamlaka ya kuifunga serikali katika mkataba, hata kama mkuu wake amemwagiza kwa mdomo.

Hatua ya pili: hesabu nafasi kabla ya kuomba

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kikomo cha ukasimu wa jumla chini ya masharti ya 2014 ni futi za mraba 19,999, sawa na mita za mraba 1,858 hivi. Lakini futi zipi? Katika biashara ya majengo ya ofisi nchini Marekani kuna vipimo viwili. Kimoja ni nafasi inayotumika, yaani mahali ambapo unaweza kweli kuweka meza, makabati na watu. Kingine ni nafasi inayotozwa kodi, ambayo ni ile ya kwanza pamoja na fungu lako la ukumbi wa kuingilia, korido za pamoja, vyoo vya ghorofa na sehemu nyingine ambazo wapangaji wote wanazitumia. Kikomo cha 19,999 kinapimwa kwa nafasi inayotozwa kodi.

Chukua mfano wa ofisi inayohitaji futi 17,500 za kutumika. Afisa anaiangalia namba hiyo na kuona bado yuko mbali na kikomo. Jengo linalomvutia lina kizidisho cha sehemu za pamoja cha 1.15, jambo ambalo ni la kawaida. Ukizidisha unapata futi 20,125, na tayari amekwisha kuvuka mamlaka yake bila kujua. Kwa kizidisho hichohicho, nafasi ya kutumika isingepaswa kuzidi futi 17,390. Kwa jengo lenye kizidisho cha 1.20, isingezidi 16,665. Kwa hiyo anza na mahitaji ya watu wako, zidisha kwa kizidisho kikubwa zaidi unachotarajia kukuta katika eneo lile, ndipo uulize kama ukasimu unakutosha. Ikiwa jibu liko ukingoni, mwombe GSA akupangie mapema, badala ya kulipunguza hitaji kwenye karatasi ili liingie ndani ya kikomo. Wafanyakazi ambao hawakuhesabiwa watahitaji viti siku ya kuhamia, na nyongeza utakayoiomba baadaye itahesabiwa pamoja na nafasi ya mwanzo.

Usigawe hitaji moja kuwa mapango mawili ili kila moja libaki chini ya kikomo. Ofisi moja yenye kazi moja, katika mji mmoja na kwa wakati mmoja, ni hitaji moja, na mkaguzi atalisoma hivyo.

Kuna vikomo vingine viwili. Mkataba usizidi miaka 20, na wastani wa kodi halisi ya mwaka usifike kiwango ambacho juu yake GSA hulazimika kupeleka andiko la mradi kwenye kamati za Bunge ili lipitishwe. Kiwango hicho hurekebishwa kila mwaka, kwa hiyo tafuta cha mwaka wa fedha uliomo, ambao huko huanza tarehe 1 Oktoba.

Hatua ya tatu: hakikisha hakuna jengo la serikali lililo tupu

Serikali haipaswi kulipa kodi kwa mtu binafsi huku vyumba vyake yenyewe vikikaa na vumbi mtaa wa pili. Uliza ofisi ya GSA ya kanda yako kwa maandishi, na uweke jibu katika jalada. Ikiwa ipo nafasi ya serikali inayofaa, safari ya ukasimu inaishia hapo.

Hatua ya nne: wasilisha ombi

Ombi la ukasimu wa jumla hupelekwa GSA kupitia mfumo wa kielektroniki ambao chini ya masharti ya 2014 huitwa G-REX, na mwombaji ni ofisi inayosimamia mali zisizohamishika za taasisi nzima, si tawi la mkoani linalotaka kuhama. Ombi lieleze kazi ya ofisi, idadi ya watu, futi zinazohitajika kwa vipimo vyote viwili, mipaka ya eneo la mji mnalolitafuta, muda wa mkataba, makadirio ya kodi, ratiba ya manunuzi, na sababu ya kuona kwamba serikali itanufaika zaidi taasisi ikijipangia yenyewe. Kipengele hicho cha mwisho ndicho huandikwa kwa uvivu kuliko vyote. Kusema kwamba taasisi inajua mahitaji yake hakutoshi, kwa sababu kila taasisi inajua mahitaji yake. Eleza mna maofisa wangapi wenye ujuzi wa pango, wamesimamia mikataba gani ya aina hiyo, na kazi itakamilika lini ukilinganisha na njia ya kawaida.

Subiri idhini ya maandishi kabla ya kutangaza chochote sokoni. Idhini hiyo isomwe neno kwa neno, maana ruhusa ya futi 15,000 katika mji fulani haikupi futi 16,000 katika mji huo, wala futi 15,000 katika mji wa jirani.

Hatua ya tano: mteue afisa mwenye hati

Anayetia saini lazima awe afisa mikataba mwenye hati ya uteuzi inayotaja wazi kwamba anaweza kufunga mikataba ya pango, na kwa kiasi gani cha fedha. Hati ya kununua bidhaa na huduma haitoshi yenyewe. Pango la jengo ni kazi inayochanganya sheria ya ardhi, uhandisi, fedha na usalama, na ni haki kwa mlipa kodi kwamba anayelisimamia awe amefundishwa kazi hiyo. Mkurugenzi, hata awe na cheo kikubwa namna gani, asimwahidi mwenye jengo jambo lolote. Ahadi ya mtu asiye na hati haiifungi serikali, na mara nyingi anayeumia ni mwenye jengo aliyeanza kukarabati kwa kuamini neno la mkubwa.

Hatua ya sita: weka sawa hesabu za fedha

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na inastahili kufanywa kabla ya kutangaza zabuni, ingawa wengi huiacha hadi wiki ya kutia saini.

Jaribio la kwanza ni la kujua kama mkataba ni pango la kawaida au ni ununuzi uliovishwa nguo za pango. Mwongozo wa bajeti wa serikali kuu, unaojulikana kama Waraka A-11, umeweka vigezo vya kulipima jambo hilo: umiliki usihamie kwa serikali mwishoni mwa mkataba, kusiwe na haki ya kununua jengo kwa bei ya kutupa, muda wa mkataba usizidi asilimia 75 ya umri wa kiuchumi wa jengo, na thamani ya sasa ya malipo ya lazima isizidi asilimia 90 ya thamani ya soko ya mali yenyewe. Tuseme nafasi unayoitaka ina thamani ya dola milioni 10. Ukizirudisha kodi za miaka yote kwenye thamani ya leo ukapata dola milioni 8.4, umebaki ndani ya pango la kawaida. Ukipata milioni 9.2, mkataba huo unahesabiwa kama uwekezaji, na fedha zake zote zinatakiwa ziwepo kwenye bajeti tangu mwanzo. Miji midogo ambako majengo ni ya bei nafuu ndiko jaribio hili huanguka mara nyingi, hasa mkataba ukiwa mrefu na mwenye jengo akiwa amejenga jengo jipya kwa ajili ya mpangaji mmoja.

Jaribio la pili ni la kujua ni kiasi gani cha fedha kinachopaswa kuandikwa vitabuni kama deni siku ya kusaini. Sheria ya Marekani inakataza mtumishi wa umma kuingiza serikali katika deni ambalo Bunge halijaliidhinishia fedha. Mfano unaofaa kusomwa na kila anayeshika kazi hii ni wa Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa, SEC, ambayo Bunge liliipa mamlaka yake ya kupanga mwaka 1990. Katikati ya 2010, ikitarajia kuajiri watu wengi kwa ajili ya sheria mpya ya usimamizi wa fedha, Tume ilipanga futi za mraba zipatazo 900,000 katika jengo la Constitution Center mjini Washington, kwa miaka 10 na kwa zaidi ya dola milioni 500, bila kuwashindanisha wenye majengo. Fedha za kuajiri watu hao hazikupatikana kama ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa ndani wa Tume aliripoti kwamba makadirio ya nafasi yalikuwa yametiwa chumvi, na kwamba hati ya kueleza kwa nini hapakuwa na ushindani iliandaliwa baada ya mkataba kusainiwa, kisha ikawekewa tarehe ya nyuma. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ambayo ndiyo mkaguzi wa Bunge, nayo ikatamka kwamba Tume haikuandika vitabuni deni lake lote ilipoingia mkataba. Mwisho wa yote Tume ilirudisha kazi ya kupanga majengo yake kwa GSA.

Tume haikuwa imekasimiwa na GSA, na mtu anaweza kusema kwamba kisa chake hakimhusu afisa wa futi 15,000. Mimi naona kinamhusu sana. Makosa yaliyotajwa hayakuhitaji ukubwa ule ili yatokee: idadi ya watu iliyokisiwa kwa matumaini, ushindani ulioachwa kwa sababu ya haraka, na karatasi iliyoandikwa nyuma ya tukio. Kwa hiyo mwite mwanasheria wa bajeti mapema, mwonyeshe rasimu, na umwombe akuandikie ni fedha za mwaka upi na kiasi gani kitakachoandikwa vitabuni. Usikubali jibu la mdomo.

Hatua ya saba: weka mipaka ya eneo, tangaza, shindanisha

Eneo la utafutaji lazima liwe na sababu inayotokana na kazi ya ofisi. Sheria ya maendeleo ya vijijini ya 1972 inazitaka taasisi kuyafikiria kwanza maeneo ya vijijini pale kazi inaporuhusu. Kwa muda mrefu kulikuwa pia na amri mbili za rais, ya 1978 iliyoelekeza ofisi katikati ya miji na ya 1996 iliyotoa kipaumbele kwa majengo ya kihistoria, lakini zote mbili zilifutwa Aprili 2025. Nalitaja hili kwa sababu vielelezo vya zabuni vinavyonakiliwa mwaka hadi mwaka hubeba amri zilizokwisha kufa, na mzabuni aliyeshindwa anaweza kuitumia kasoro hiyo kupinga matokeo. Kabla ya kutumia kielelezo cha mwaka jana, hakikisha kila amri iliyotajwa ndani yake bado ipo hai.

Ushindani ulio wazi na kamili ni takwa la sheria ya 1984, na ukasimu haukuondoi humo. Nafasi inayozidi futi 10,000 itangazwe kwenye tovuti kuu ya zabuni za serikali, SAM.gov, na iliyo ndogo zaidi inaweza kutangazwa kwa njia za pale mjini. Ukiona ni lazima ubaki katika jengo ulilomo bila kushindanisha, andika sababu zako na uzifikishe kwa mwenye mamlaka ya kuziidhinisha kabla ya mazungumzo kuanza. Gharama ya kuhama inaweza kuwa hoja nzuri, mradi iwe imehesabiwa na kulinganishwa na bei za soko, si kutajwa tu.

Hatua ya nane: lichunguze jengo kwa macho ya wataalamu

Bei nzuri katika jengo lisilofaa haina maana. Jengo lifikike na watu wenye ulemavu, kama inavyotakiwa tangu sheria ya 1968 ya kuondoa vizuizi katika majengo. Lisiwe katika uwanda wa mafuriko ambao kila mwaka una uwezekano wa asilimia 1 wa kufunikwa na maji, isipokuwa hakuna mahali pengine panapowezekana. Katika majimbo yenye matetemeko, kama California, mwenye jengo alete hati ya mhandisi inayothibitisha uimara wake. Kama nafasi iko ghorofa ya sita au juu zaidi, tazama mfumo wa vinyunyizio vya moto katika jengo zima. Hapa msomaji wa kwetu aangalie: Wamarekani huanza kuhesabu na ghorofa iliyo chini kabisa, kwa hiyo ghorofa yao ya sita ndiyo sisi tungeiita ya tano.

Usalama ni sura inayojitegemea. Baada ya mlipuko wa Oklahoma City wa tarehe 19 Aprili 1995, ulioua watu 168 katika jengo la serikali kuu, iliundwa kamati ya pamoja ya taasisi ili kuweka viwango vya ulinzi wa majengo hayo, na leo kila ofisi hupangiwa daraja kuanzia la kwanza hadi la tano kulingana na hatari yake. Daraja hilo lijulikane kabla ya zabuni kutangazwa, kwa kuwa umbali kutoka barabarani, vioo na udhibiti wa milango vina gharama ambayo mwenye jengo lazima aijue anapopanga bei. Kwa ofisi zenye ulinzi wa juu, sheria iliyotiwa saini tarehe 31 Desemba 2020 inamtaka mwenye jengo aeleze wamiliki wake halisi ni akina nani, wakiwemo wa nje ya nchi.

Hatua ya tisa: jadilianeni, kisha saini

Kodi inayotajwa kwa namba moja huficha mambo manne: kodi ya jengo lenyewe, gharama za uendeshaji kama usafi na umeme, ushuru wa majengo, na marejesho ya ukarabati alioufanya mwenye jengo kwa ajili yako. Zitenganishe. Faida yake huonekana pale bei zinapopanda. Tuseme kodi ni dola 30 kwa futi, na kati ya hizo dola 7 ndizo gharama za uendeshaji. Faharisi ya bei ikipanda kwa asilimia 3 na mkataba ukasema nyongeza ihusu gharama za uendeshaji peke yake, kodi itaongezeka kwa senti 21. Mkataba ukiwa umeacha nyongeza ihusu kodi yote, itaongezeka kwa senti 90. Kwa ofisi ya futi 15,000, hiyo ni tofauti kati ya dola 3,150 na dola 13,500 kwa mwaka wa kwanza tu, na kila mwaka unaofuata hujengwa juu yake.

Lipo pia suala la miaka ya uhakika. Mkataba unaweza kuwa wa miaka 10 huku serikali ikiwa na haki ya kuondoka baada ya mwaka wa 5 kwa kutoa notisi. Mwenye jengo hukopa benki kwa kutegemea ile miaka ya uhakika, kwa hiyo kadiri inavyokuwa michache ndivyo kodi inavyopanda. Uamuzi huu utokane na mustakabali wa ofisi yako. Kitengo ambacho programu yake inaweza kufungwa na Bunge kinahitaji mlango wa kutokea, hata kwa kulipa zaidi kidogo.

Mweleze mwenye jengo mapema kwamba serikali kuu hulipa kodi mwishoni mwa mwezi, baada ya kulitumia jengo, kwa sababu sheria inakataza malipo ya kabla. Wenye majengo waliozoea kupokea kodi mwanzoni mwa mwezi hushtuka, na wengine huanza kudai faini ambazo hawastahili. Ahakikishe pia kwamba usajili wake kwenye SAM.gov ni hai, la sivyo malipo yatakwama hata kama kila mtu ana nia njema.

Hatua ya kumi: baada ya saini

Nakala za mkataba na nyaraka zake zirudishwe GSA kwa muda na namna iliyotajwa katika idhini. Hii siyo adabu tu. Aliyekasimu mamlaka anabaki akiwajibika, na anaweza kuyarudisha kwake endapo haoni yanavyotumika. Wakati wa kupokea jengo, pimeni nafasi upya pamoja na mwenye jengo, muandike vipimo mlivyovikubali, na tarehe ya kuanza kodi ifuate siku ya kupokea, isifuate siku iliyokisiwa katika mkataba.

Mabadiliko yote ya baadaye, yaani kuongeza vyumba, kurefusha muda au kumpokea mmiliki mpya pale jengo linapouzwa, yapitie kwa afisa yule mwenye hati, na yapimwe tena dhidi ya mipaka ya idhini. Vyumba viwili vilivyoongezwa mwaka wa tatu kwa makubaliano ya mezani vinaweza kuipeleka ofisi ya futi 19,400 ng'ambo ya kikomo.

Mwisho, weka katika kalenda tarehe ya miezi 24 kabla ya mkataba kumalizika, na uanze tena kutoka hatua ya kwanza siku hiyo. Ofisi inayobaki ndani ya jengo baada ya mkataba kwisha, bila mkataba mpya, inamwachia mwenye jengo nguvu zote za mazungumzo, kwani anajua kwamba watumishi, kumbukumbu na wananchi wanaohudumiwa hapo hawawezi kuhamishwa kwa wiki moja. Miezi 24 inaonekana mingi hadi utakapoanza kuigawa: miezi ya kuhakiki mahitaji na kuomba idhini, miezi ya zabuni na mazungumzo, kisha miezi ya ujenzi wa ndani, ambayo mara nyingi huzidi ilivyopangwa.